Sentensi Arobaini za Masika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo saa nne asubuhi, na barua imekuja nayo. Matroni alituita wakunga wote wenye cheti cha zamani kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatusomea akiwa amesimama. Kufikia mwisho wa masika kila mmoja wetu awe amefaulu mtihani wa Kiingereza wa usajili. Asiyefaulu hatazalisha tena. Atabaki wodini kama msaidizi: kupima uzito, kubadili mashuka, kuandika majina mlangoni.

Nina miaka kumi na tisa nikipokea watoto. Mikono yangu inajua mtoto amelalaje tumboni kabla mama hajamaliza kupanda kitandani. Lakini mtihani huo niliufanya mwaka jana nikaanguka. Kuna maswali arobaini, na kila swali lina sentensi nne. Tatu zina kosa, moja ni sahihi, nawe uichague. Nilipata ishirini na moja. Zinatakiwa ishirini na nne.

Redio, mwenzangu wa zamu, ambaye jina hilo tulimpa kwa sababu hazimiki, alisema atajibu zote herufi B na kumwachia Mungu. Tulicheka. Matroni hakucheka. Aliikunja barua mara nne, akasema watakaoanguka wasije kulia mlangoni kwake.

Mwanamke yule ana moyo wa jiwe.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu kanitafutia mwalimu bila kuniuliza. Ni dada yake mkubwa.

Wifi yangu anaishi nasi tangu mwezi wa kwanza, alipofungasha virago na kutoka kwa mumewe. Kazi yake ni kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Anasoma vitabu vya shule kabla havijachapwa na kuwinda makosa. Nyumbani pia anawinda. Juzi niliacha orodha ya vitu vya dukani mezani, nikaikuta imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika "kitungu".

Nimekubali, maana mfa maji haachi kutapatapa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Sikusoma chochote. Wifi aliweka kalamu nyekundu juu ya daftari langu, akaiacha hapo siku nzima.

Jumatano, 12 Machi

Tunasoma alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kabla sisi sote hatujatoka kwenda kazini. Wifi hukaa upande wa dirisha na kikombe cha chai ambacho hakinywi hadi kipoe.

Leo aliniandikia sentensi moja: "Walking to the clinic, the rain soaked the nurse." Akauliza ni sahihi au si sahihi. Niliisoma kwa sauti. Nikasema ni sahihi, inasikika vizuri, na maana yake naielewa: muuguzi alikuwa akitembea kwenda kliniki, mvua ikamlowesha.

"Nani alikuwa akitembea?" aliuliza.

"Muuguzi."

"Wewe ndiye unayesema. Sentensi haisemi hivyo."

Alinieleza taratibu, bila kuinua macho. Kwa Kiingereza, anayefuata baada ya ile koma ndiye mtembeaji. Na anayefuata hapo ni mvua. Kwa hiyo mvua ilikuwa njiani kwenda kliniki, labda ina miadi, ikakutana na muuguzi ikamlowesha. Nilicheka mpaka mume wangu akaamka. Wifi hakucheka, ila nilimwona akiuma mdomo.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba siku nzima. Sisi tukisema "akitembea", ile "a" mbele tayari imeshamtaja mtu, na mvua haiwezi kujipenyeza. Kitenzi chetu hutembea na mwenyewe. Cha Kiingereza hutoka nyumbani peke yake, kwa hiyo ni lazima umtafute mwenyewe kila mara, umshike mkono, umpeleke kwake. Kosa langu ni kwamba nasikiliza tu kama sentensi inapendeza.

"Usisikilize," alisema. "Tafuta."

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu maswali kumi. Nimepata manne. Nimetamani kutupa daftari nje, lakini nje kuna maji.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimemchukia wifi kwa roho yangu yote.

Nilikuwa nimetoka zamu ngumu, mama wa mapacha, kwa saa tisa nzima nimesimama. Nimefika nyumbani mchana, sijavua viatu, yeye keshaweka karatasi mezani. Nikafanya. Nikakosa saba kati ya kumi. Alizungushia zote saba duara jekundu, akarudisha karatasi, akasema nilikuwa na haraka.

Nikamwambia mtu aliyepokea mapacha leo hajali koma imekaa wapi. Akajibu kwamba mtihani nao haujali mapacha.

Nilikwenda chumbani nikamlalamikia mume wangu. Nilimwambia dada yake hajui kusema neno jema, na labda ndiyo sababu ndoa ilimshinda. Yeye ni fundi majokofu, mtu wa kufungua kitu na kuangalia ndani kabla ya kusema kimeharibika. Aliniomba nisirudie tena maneno hayo. Akatoka kwenda kibarazani kuangalia mvua.

Niliona haya. Lakini hasira haikuisha.

Jumatatu, 31 Machi

Leo kuna kitu kimefunguka, na ninakiandika kabla hakijajifunga tena.

Sentensi ilikuwa hii: "The box of gloves are on the table." Nilisema ni sahihi. Glovu ni nyingi, kwa hiyo "are". Wifi akaniambia niseme jambo lilelile kwa lugha yetu. Nikasema: sanduku la glovu lipo mezani.

"Kwa nini hukusema zipo?"

Nikashangaa swali lenyewe. Hakuna mtu atakayesema "sanduku la glovu zipo mezani", hata mtoto wa chekechea atamcheka. Kilichopo mezani ni sanduku.

Wifi akaisogeza karatasi karibu yangu kwa kidole kimoja. Ndipo nikaona. Sheria hii ninayo tangu nilipokuwa nanyonya. Nilikuwa naiacha mlangoni kila ninapoingia kwenye Kiingereza, kama viatu.

Maswali kumi: nimepata saba. Wifi alisema, "Afadhali." Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa ngoma na vigelegele.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Paa linavuja juu ya jiko. Saba tena.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikuwa na zamu leo. Redio aliniambia maktaba ya mji ina mitihani ya miaka iliyopita, nikaenda kuitafuta baada ya saa nne. Mvua ilinikuta njiani, nikaingia pale nikidondosha maji kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Mtunza maktaba akanionyesha chumba cha magazeti nikakae nikauke.

Wifi yangu alikuwa humo.

Alikaa kwenye kona, mwavuli wake umening'inizwa kwenye kiti, na kipande cha mkate kimefungwa kwenye karatasi juu ya mapaja. Mbele yake palikuwa na gazeti kuukuu, la mwezi uliopita au zaidi. Alikuwa amelipitia lote kwa kalamu nyekundu. Koma, nukta, herufi iliyopotea, kichwa cha habari kilichopinda. Gazeti ambalo limeshachapwa, limeshasomwa, limeshasahaulika, naye analisahihisha.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Alitakiwa kuwa kiwandani.

Nilitaka kurudi nyuma kimyakimya lakini viatu vyangu vililia kwenye sakafu. Aliinua macho. Sijapata kumwona mtu akiona aibu namna ile, na mimi huwaona watu wakiwa uchi kila siku.

Nikakaa kando yake. Akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini ya maktaba, kwamba kiwanda kimefunga meza yake tangu mwezi wa pili. Wameleta mashine ya kusoma prufu. Walimpa barua ya shukrani, na barua hiyo ilikuwa na makosa mawili. Tangu siku hiyo hutoka nyumbani kila asubuhi kwa wakati uleule, hukaa hapa hadi saa kumi, kisha hurudi.

"Nimeshatoka kwa mume," alisema. "Nikitoka na kazini pia, mdogo wangu atanionaje?"

Nikahesabu siku kichwani. Alipokuwa akiniamsha alfajiri na kusema tuwahi kwa sababu atachelewa kazini, hakuwa na kazi. Alikuwa na mimi tu. Na mimi nilikuwa naikunjia uso karatasi yake.

Nikaona nifanye tulichozoea. Nikamwomba tufanye maswali kumi kwa kuwa tuko pamoja. Alitoa karatasi mfukoni mwa koti. Anatembea nazo.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikumwambia mume wangu. Nilikuwa nimeamua siri hiyo si yangu kuitoa. Lakini wakati wa chakula cha mchana wifi aliweka kijiko chini na kusema yote, kuanzia barua hadi chumba cha magazeti, sentensi fupifupi, kila moja na nukta yake. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza kama anayesubiri tetemeko.

Mume wangu alitafuna akamaliza. Alimmiminia chai.

"Basi dada, Jumatatu usitoke na mvua," alisema.

Hayo tu. Wifi alikinyanyua kikombe, akanywa chai ikiwa bado ya moto. Baadaye nilimsikia chumbani kwake akilia, na kwa namna alivyolia nilijua nisimwendee. Ni kilio ninachokijua. Wanawake hulia hivyo mtoto akishatoka salama.

Jumapili, 20 Aprili

Tisa kati ya kumi. Nimempigia Redio simu kumwambia. Yeye amepata sita na amejisifu kuliko mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Sasa nimeoga, ninaweza kuandika.

Saa nane mchana, mvua ikiwa imeziba madirisha, iliingia gari kutoka zahanati ndogo ya milimani. Ndani yake walikuwa wanawake wawili, mtu na mdogo wake, wote wajawazito, wote katika uchungu. Barabara ilikuwa inakatika, wakapakiwa pamoja, na cheti cha rufaa kikaandikwa kimoja kwa wote wawili kwa sababu karatasi nyingine zilikuwa zimelowa.

Mdogo alikuwa tayari kusukuma. Redio akaingia naye chumba cha ndani. Mkubwa alikuwa na hali mbaya: chupa ya uzazi ilipasuka tangu juzi, mwili unawaka moto, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akimwita mtu ambaye hakuwepo. Alihitaji sindano ya kuua vijidudu, na kwa haraka.

Matroni alisoma cheti. Kilikuwa cha Kiingereza, na sentensi mbili za katikati zilisema hivi: "The older woman came with her younger sister. She reacts badly to penicillin." Maana yake, mkubwa alikuja na mdogo wake, na penisilini inamdhuru. Matroni akasema basi mdogo asipewe, ndiye aliyetajwa mwisho. Kwa mkubwa tuendelee. Nikavuta penisilini. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, hewa nimeshaitoa.

Na hapo nikasikia swali la alfajiri. Inamdhuru nani?

Nikamwambia Matroni kwamba sentensi haisemi. Huyo "she" anaweza kuwa yeyote kati ya wawili hawa. Aliniambia huu si wakati wa masomo. Nikamwomba dakika moja. Akasema mgonjwa hana dakika. Ni kweli hakuwa nayo. Lakini niliweka sindano kwenye trei na kuondoka, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya matroni yeyote kwa miaka kumi na tisa.

Nilifungua pazia la chumba cha ndani. Mdogo alikuwa katikati ya kusukuma, Redio anamhesabia. Nikainama sikioni kwake nikamuuliza ni nani kati yao aliyewahi kudhurika na sindano. Alisubiri uchungu upite. Akanishika kola.

"Dada," alisema. "Si mimi. Alivimba uso akashindwa kupumua, tukadhani amekufa."

Nilirudi mbio. Matroni aliniona usoni, na kabla sijafungua mdomo akaichukua ile sindano akaitupa kwenye boksi la taka, akavunja kichupa cha dawa nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuliza mara mbili.

Saa tisa na robo mdogo alijifungua wa kike. Saa kumi na moja kasorobo mkubwa alijifungua wa kiume, mchovu, wa bluu kidogo, ambaye alifikiria kwanza kisha akalia. Homa ya mama imeanza kushuka. Nilipoondoka alikuwa ameuliza yuko wapi, nami nikamwambia.

Ijumaa, 9 Mei

Matroni aliniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kwa karipio la kuacha mgonjwa.

Cheti kilikuwa mezani kwake. Aliniambia amekisoma tena jana, na leo asubuhi, na kwamba kila alipokisoma alikielewa vizuri kabisa, na kila alipokielewa alikosea. Aliyasema hayo kwa sauti yake ileile kavu. Kisha akavua miwani. Nimefanya kazi naye miaka minane na sikujua kwamba ana makengeza kidogo.

"Ningemuua," alisema.

Nikamwambia ningeidunga mimi. Tulikaa hapo, watu wawili ambao hawajaua mtu.

Aliuliza nani ananifundisha. Nikamwambia ni wifi yangu. Akauliza kama wifi huyo ana nafasi.

Kabla ya ile barua ya mwezi wa tatu, nimekuja kujua leo, kulikuwa na nyingine iliyosema tuondolewe mara moja. Matroni ndiye aliyeandika kuomba tupewe hadi mwisho wa masika. Aliandika mara tatu.

Jumatano, 14 Mei

Wifi amefundisha wakunga saba katika stoo ya mashuka, tumekaa juu ya marobota. Alikuja na sketi yake ya kazini. Alikuwa anaikunja na kuikunjua karatasi yake hadi Redio alipojibu swali la kwanza, maana jibu lenyewe lilimfanya asahau woga.

Leo ilikuwa koma. Kwetu, alisema, unaweza kusema "mvua ilinyesha, tukakaa ndani", na ile "ka" inaunganisha sentensi mbili kama gundi. Kiingereza hakina hiyo "ka". Ukiweka koma peke yake, umewafungisha watu ndoa bila shahidi. Weka kiunganishi au weka nukta.

Redio akauliza kama nukta ndiyo talaka. Kila mtu akamtazama wifi.

"Ndiyo," wifi alisema. "Na wakati mwingine ndiyo iliyo sahihi."

Akacheka yeye kwanza. Kicheko chake kina mikwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

Jumamosi, 24 Mei

Mtihani. Ukumbi mkubwa, mabati yanapigwa na mvua hata msimamizi akalazimika kuandika maelekezo ubaoni. Sikusikia hata sauti yangu ya ndani ikisoma, nadhani ilinisaidia. Nilitafuta. Swali hadi swali, nani mwenye kitenzi, nani huyu anayesemwa, koma hii imesimama na nani.

Swali la thelathini na sita sikulijua hata kidogo. Nilichagua B kwa heshima ya Redio.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imepungua. Siwezi kula vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Majibu yalibandikwa ukutani kwenye korido ya utawala, namba bila majina. Hatukuwa na ujasiri. Tulisimama saba nyuma ya mlango wa vioo tukisukumana kama watoto mbele ya maji baridi. Mwishowe Matroni alipita, akachukua vikaratasi vyetu vya namba, akaenda yeye.

Alisoma kwa kidole. Tulikuwa tunaona mgongo wake tu. Kidole kilishuka, kikasimama, kikashuka.

Aliporudi alitutajia alama moja moja. Mimi thelathini na tatu. Mwingine thelathini, mwingine ishirini na nane. Wa sita ishirini na sita. Redio alikuwa wa mwisho, amefumba macho.

"Ishirini na nne," Matroni alisema. "Sijui umefanyaje."

Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Alikaa chini sakafuni na hakutoa neno kwa muda mrefu kiasi kwamba tulianza kuogopa. Nilikaa naye. Kuna uzito nilikuwa nimeubeba tangu Machi na nikadhani ni mwili wangu. Ulipoondoka nilihisi kama ninaweza kuelea hadi kwenye feni.

Nyumbani nilimkuta wifi amesimama mlangoni, kavaa viatu, kana kwamba alikuwa akija kuyafuata majibu mwenyewe. Nikamwambia saba kati ya saba. Aliniuliza mimi nimepata ngapi. Nikamwambia. Akauliza ni yapi saba niliyokosa. Halafu akanikumbatia kabla sijajibu, kwa nguvu, mfupa kwa mfupa. Hospitali imeshamwambia wauguzi wa wodi ya watoto nao wanaanza wiki ijayo.

Jumanne, 10 Juni

Anga limesafika. Nguo zilikauka kabla ya saa sita.

Leo mama wa mara ya kwanza alijifungua mikononi mwangu, kazi ya saa nne, bila mshono hata mmoja. Baadaye nilikaa mezani kuandika ripoti ya uzazi. Miaka yote nilikuwa naiandika kwa Kiswahili, na mtu mwenye cheti kipya akiihamisha kwa Kiingereza na kutia sahihi yake. Leo niliiandika mwenyewe. Sentensi tano. Mama yupo, mtoto yupo, kila kitenzi kina mwenyewe.

Matroni alipita, akasimama nyuma ya bega langu. Nilisubiri ainyooshee mkono. Aliniambia tu kwamba kitanda cha tatu kinaniita, akaendelea na njia yake.

Niliisoma mara moja. Nikatia sahihi.